Jino Lililozibwa Chini, Likaachwa Wazi Juu

 

Ndugu wasomaji, juma hili tunaomba ruhusa ya kuwasimulia habari ya jino. Huenda mtashangaa kwamba ukurasa wa familia, uliozoea kuzungumzia malezi, mirathi na haki za wanandoa, leo unaingia kinywani. Lakini jino hili lilitufundisha kwamba maumivu kuondoka si sawa na ugonjwa kuondoka. Likatufundisha pia kwamba ulimi wa mtu mmoja unaweza kumdhuru mwenzake aliyeketi pembeni yake barazani. Somo hilo la pili hatukulilipia peke yetu, na ndiyo sababu tumeona ni wajibu kuliandika.

Ilikuwa mwezi wa Rajab wa mwaka uliopita. Gego letu la chini, upande wa kushoto, lilikuwa limetuuma kwa siku kumi. Tulisukutua maji ya chumvi, tukaweka karafuu, tukameza vidonge vya maumivu. Kila dawa ilitupa nafuu ya saa mbili tatu, kisha maumivu yakarudi yakiwa makali zaidi. Usiku mmoja tuliporejea kutoka msikitini tukiwa tumeshika shavu, mama watoto alituambia, "Mume wangu, umesimamia hesabu za msikiti mpaka umesahau hesabu ya kichwa chako. Kesho uende hospitali." Tukaenda.

Daktari wa meno tuliyemkuta alikuwa kijana mpole. Alipiga picha ya eksirei, akatuonesha kwamba kiini cha jino kilikuwa kimekwisha kufa na usaha umeanza kujikusanya kwenye ncha ya mzizi. Akasema njia ni mbili, ama kung'oa, ama kutibu mizizi na kulibakisha jino. Tukachagua kutibu. Alituchoma sindano ya ganzi, akalizungushia jino kipande cha mpira ili mate yasiingie, akaingiza vifaa vyembamba kama sindano kusafisha ndani ya mizizi, akaiosha kwa dawa. Baada ya ziara mbili mizizi ikawa imejazwa. Juu yake akaweka kizibo cha muda, kisha akasema, "Ustadh, kazi ya ndani imekwisha, lakini kazi ya juu bado. Rudi baada ya wiki mbili tuweke kizibo cha kudumu, halafu tulivishe jino kofia. Usikae zaidi ya hapo."

Tukamwitikia, "In shaa Allah." Ni aibu kukiri, lakini in shaa Allah yetu siku ile ilikuwa ya kuagana, haikuwa ya kukusudia.

Wiki mbili zilipotimia jino lilikuwa kimya. Halikuuma kwa maji baridi wala kwa chai ya moto. Ikaingia Shaabani, tukawa na hesabu za mwaka za msikiti. Ikaingia Ramadhani, tukajiambia kwamba tusijipeleke kwa daktari tukaharibu funga. Ikaja Shawwal na ada za shule za watoto, na fedha tuliyoiweka kwa ajili ya kofia ya jino ikapata kazi nyingine. Katikati ya Ramadhani hiyo hiyo, wakati wa daku, kipande cha kizibo cha muda kilikatika. Tulikitema pamoja na kokwa ya tende, tukaendelea kula. Hatukuumwa, na kwa kuwa hatukuumwa, hatukujali.

Katika mwezi wa Dhulhijja shavu likavimba.

Hapo ndipo tulipofanya kosa lililo kubwa kuliko kuchelewa. Baada ya swala ya Isha, tukiwa barazani na wazee wa mtaa, mtu mmoja alituuliza habari ya shavu. Tukasema maneno ambayo tunayaandika hapa kwa uzito: "Yule kijana hajui kazi. Ametula fedha, na jino limerudi pale pale." Tulisema hivyo mbele ya watu wanaotuamini, kwa sababu ni sisi tunaowasomea matangazo ya msikiti kila Ijumaa. Miongoni mwao alikuwako mzee wetu mmoja ambaye naye alikuwa amepangiwa siku ya kutibiwa mzizi na daktari yule yule. Alitikisa kichwa, akanyamaza. Siku yake ilipofika, hakwenda.

Sisi tulirudi hospitali tukiwa tumejiandaa kulalamika. Daktari alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu, "Ustadh, kile kizibo cha muda kiko wapi?" Ulimi wetu ulikwenda kwenye jino ukakuta shimo, na hatukuwa na jibu. Akatukalisha, akatueleza. Yale aliyotueleza, pamoja na yale tuliyoyasoma baadaye, tunayaweka hapa ili familia zetu zinufaike.

Jino si jiwe. Chini ya gamba gumu la nje kuna tabaka liitwalo dentini, na katikati yake kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini hicho hushuka ndani ya mizizi kwa kupitia mifereji myembamba. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili na mifereji mitatu, na pengine minne. Dentini yenyewe imejaa vijineli visivyoonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu katika kila milimita moja ya mraba. Bakteria wakishaingia kwenye kiini, hupata nyumba yenye vyumba vingi mno vya kujificha.

Kwamba adui hapa ni bakteria, jambo hilo lilidhihirishwa mwaka 1965 na watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald. Walitoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini, wakayaacha wazi. Kwa panya wa kawaida, viini vilioza na kufanya usaha. Kwa panya waliolelewa mahali pasipo na vijidudu kabisa, chakula kilijaa katika matundu yale yale, lakini viini vilibaki hai, vikaanza hata kujijengea ukuta mpya wa dentini. Tundu lilikuwa lile lile na uchafu wa chakula ule ule. Kilichotofautiana ni kuwapo kwa bakteria.

Basi anayetibu mzizi ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuwapunguza bakteria waliomo ndani, kwa kusafisha na kuosha. Ya pili ni kuziba ili waliosalia wasipate chakula, na walioko nje wasipate njia. Kwa kazi hiyo ya kuziba, madaktari hutumia vitu viwili kwa pamoja. Kimoja ni vijiti vya gatapacha, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini Mashariki, ambao umetumika kuziba mizizi tangu karne ya 19. Katika vijiti vya leo, utomvu wenyewe ni kama sehemu moja kati ya tano, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni oksidi ya zinki. Gatapacha ina sifa nyingi, lakini ina upungufu mmoja mkubwa, nao ni kwamba haishikamani na ukuta wa dentini. Kwa hiyo hutiwa kitu cha pili, saruji laini ya kujaza nafasi iliyobaki kati ya kijiti na ukuta wa jino.

Saruji hizo ni za aina nyingi. Msomaji wa pwani atafurahi kujua kwamba iliyotumika kwa miaka mingi zaidi hutengenezwa kwa kuchanganya unga wa oksidi ya zinki na yujenoli, na yujenoli ndiyo sehemu kuu ya mafuta ya karafuu, zao lile lile linaloanikwa kwenye majamvi Unguja na Pemba. Zipo nyingine za resini ya epoksi, na za karibuni zaidi ni zile zenye asili ya silikati ya kalisi, jamaa wa saruji ya kujengea. Kila moja ina ubora wake na udhaifu wake. Ya karafuu huyeyuka kidogo kidogo ikikutana na majimaji. Ya resini hushika vizuri, lakini nayo husinyaa kiasi fulani inapoganda. Mwaka 2004 ilitoka bidhaa mpya iliyodaiwa kwamba ingeungana na jino mpaka vikawa kitu kimoja. Wengi waliipokea kwa furaha, lakini ilipofuatiliwa kwa wagonjwa kwa miaka, ilishindwa zaidi kuliko gatapacha ya zamani, na leo haimo tena sokoni.

Je, vizibo hivi huzuia bakteria kwa kiasi gani? Watafiti wamelipima swali hili kwa namna rahisi kueleweka. Huchukua jino lililong'olewa, hulitibu mzizi na kuliziba kama la mgonjwa, kisha hulisimamisha kati ya vyumba viwili vya kioo. Chumba cha juu hutiwa bakteria, na cha chini hutiwa mchuzi safi usio na kijidudu. Halafu husubiri. Siku mchuzi wa chini utakapochafuka na kuwa na ukungu, hujulikana kwamba bakteria wamesafiri urefu wote wa mzizi, wakapita pembeni mwa kizibo.

Mwaka 1990 Torabinejad na wenzake walitangaza matokeo ya mifereji 45 iliyozibwa kwa gatapacha na saruji, ambayo upande wake wa juu uliachwa bila kufunikwa. Kwa aina moja ya bakteria, zaidi ya nusu ya mifereji ilikuwa imepenywa yote ndani ya siku 19. Kwa aina nyingine, nusu ilipenywa ndani ya siku 42. Mwaka 1993 watafiti wengine, naye Torabinejad akiwamo, walitumia mate ya binadamu kwenye mizizi 30 iliyozibwa. Haikufika siku 30, yote ikawa imechafuka. Tulipoisoma habari hiyo tulihesabu miezi yetu kwa vidole, Ramadhani, Shawwal, Dhulqaada, tukainamisha kichwa.

Mwaka 1995 Ray na Trope wa Marekani wakatazama picha za eksirei za meno 1,010 ya wagonjwa waliotibiwa mizizi. Pale ambapo mzizi ulizibwa vizuri na juu pia pakazibwa vizuri, meno 91 katika kila 100 hayakuonesha dalili ya ugonjwa kwenye ncha ya mzizi. Pale ambapo mzizi ulizibwa vizuri lakini juu paliharibika, idadi ilishuka mpaka 44. Na pale ambapo vyote viwili vilikuwa vibaya, walisalimika 18 tu. Uadilifu unatutaka tuseme kwamba si wote walioafikiana nao. Utafiti wa Norway wa mwaka 2000, wa meno 1,001, uliona kwamba kizibo cha ndani ndicho chenye uzito mkubwa zaidi. Baadaye, mwaka 2011, tafiti za namna hiyo zilipokusanywa na kupimwa kwa pamoja, ilionekana kwamba vyote viwili vina uzito. Na wataalamu wenyewe wanatahadharisha kwamba majaribio ya vyumba vya kioo hutofautiana kutoka maabara moja hadi nyingine, na hayawezi kuchukuliwa kama picha kamili ya kinywa cha mtu aliye hai. Lakini katika hitilafu zao zote, hatukumwona hata mmoja aliyesema kwamba jino lililotibiwa mzizi linaweza kuachwa wazi likabaki salama.

Sisi wa kamati za misikiti tulipaswa kulielewa hili bila kuambiwa. Tangi letu la maji ya udhu liliwahi kupigwa lipu ndani kwa gharama kubwa, kisha tukachelewa kununua mfuniko. Fundi hakukosea, na lipu ilikuwa nzima. Lakini wiki ya tatu tulikuta vyura. Hakuna aliyemlaumu fundi siku ile. Kwa nini basi tulimlaumu daktari?

Alhamdulillah, jino letu liliokolewa. Daktari alitoa gatapacha yote, akasafisha upya, akaziba upya, na safari hii hakuturuhusu kuondoka kabla ya kuweka kizibo cha kudumu juu. Kofia ilifuata baada ya muda mfupi. Tulilipa gharama mara mbili kwa jino moja, na hatukuwa na wa kumdai.

Habari ya mzee wetu haikuisha hivyo. Wiki tatu baada ya ile siku aliyoacha kwenda, uso wake ulivimba mpaka jicho likafumba, na homa ikampanda. Alilazwa, akatumbuliwa usaha, na jino likang'olewa. Tulipokwenda kumzuru tulikuwa tumeandaa maneno marefu ya kuomba radhi. Tukamweleza kwamba daktari hakuwa na kosa, kwamba kosa lilikuwa letu, na kwamba tulisema tusilolijua. Alitusikiliza huku ameshika shavu, kisha akasema, "Mwanangu, nami nilikuwa natafuta sababu ya kutokwenda. Wewe ukanipa." Hakusema kwa hasira. Pengine angesema kwa hasira ingekuwa nyepesi kwetu.

Katika Suratul Hujurat, Mola wetu ametuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga tukabaki wenye kujuta, na katika sura hiyo hiyo ametukataza kusengenyana. Tulisoma chuoni, na tumewafundisha wengine, kwamba Mtume (s.a.w.) alibainisha kuwa kumtaja ndugu yako kwa baya alilo nalo ni kusengenya, na kumtaja kwa baya asilokuwa nalo ni kumzulia. Letu lilikuwa la pili. Tulikwenda kwa daktari tukamwomba radhi. Kisha, kwa kuwa tulimsema vibaya barazani, tukarudi kwenye baraza lile lile, baada ya Isha ile ile, tukasema kweli mbele ya watu wale wale. Ni dakika tatu ngumu kuliko zote tulizowahi kukaa pale.

Tumalizie kwa nasaha chache za nyumbani.

Ukitibiwa mzizi, usiondoke hospitali bila kujua tarehe ya kuzibwa juu moja kwa moja, na uihesabu gharama ya kizibo cha kudumu na kofia kuwa ni sehemu ya tiba tangu siku ya kwanza. Magego hutafuna kwa nguvu, na jino lililotibiwa mzizi huweza kupasuka, hivyo mara nyingi huhitaji kofia. Kama fedha haitoshi, mwambie daktari mapema, ili atafute namna ya kuziba juu kwa imara huku ukijipanga kwa kofia.

Kizibo cha muda kikikatika au kikitoka, rudi siku zilizo karibu, hata kama huumwi. Jino lililotolewa kiini halina tena mishipa ya fahamu ndani yake ya kukuonya, kwa hiyo ukimya wake usiuchukue kuwa ni salama. Na uvimbe wa uso pamoja na homa, au ugumu wa kumeza, si jambo la kungojea asubuhi.

Usichelewe kwa sababu ya funga. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba kuziba jino, kuling'oa, kusafisha meno na kupiga mswaki havibatilishi saumu, maadamu mtu anajihadhari asimeze kinachofika kooni. Anayeona uzito anaweza kuomba miadi ya usiku au ya karibu na magharibi. Udhuru tulioutoa sisi haukuwa udhuru.

Na karafuu tuithamini kwa kadiri yake. Inapunguza maumivu, lakini haiwezi kusafisha mzizi uliooza. Bora kuliko yote ni kutofika huko. Mtume (s.a.w.) aliupenda mswaki mpaka akabainisha kwamba, lau asingechelea kuutia uzito umma wake, angeliwaamrisha kuutumia katika kila swala. Kila anayeswali ana nafasi tano za kukumbuka kinywa chake kwa siku. Watoto wetu wakituona tukizitumia, hawatahitaji kusimuliwa kisa hiki.

Tunamwomba Allah (s.w.) atusamehe tuliyoyasema bila ya ujuzi, ampe mzee wetu afya njema, na amlipe kheri daktari yule aliyetujibu kwa upole siku tuliyomwendea kwa ukali. Wabillahi tawfiq.